Aliyelala Damuni

Harufu ilianza Jumatatu, saa nne asubuhi: kitambaa kinaungua. Fundi cherehani aliruka hadi kwenye pasi, akaigusa kwa kiganja. Ilikuwa baridi, waya wake haujachomekwa popote. Akajiambia ni uchovu, akarudi kwenye pindo la sare.

Alikuwa na haki ya kuchoka. Binti yake wa pekee alikuwa na kifafa. Fundi aliwahi kusahau kumpa dozi moja tu ya dawa ya zamani, mtoto akaanguka na kupasuka kidevu. Sasa mtoto alikuwa na vidonge vipya, siku ya kumi na moja bila degedege hata mara moja, na mama mtu alikuwa ameapa kwamba hata dunia ipinduke, kidonge hakirukwi.

Jumatano binti aliamka na macho mekundu. Alhamisi midomo ikavimba.

"Mama, mate yananiunguza," alisema.

Alipokataa kumeza, mama alikisaga kidonge, akakikoroga kwenye uji, akamlisha kwa kijiko huku akimbembeleza. Wifi yake, waliyeishi naye tangu mume wa fundi afariki, na ambaye ulimi wake haujui likizo, alimnong'oneza kwamba hilo ni jini linavua nguo zake ili liondoke, na likikatizwa litarudi na wenzake. Fundi alimcheka. Kicheko hakikufika mbali.

Ijumaa mchana, jua likiwa kali dirishani, alisikia nyuma ya pazia la chumba sauti ndogo kama ya mtu anayefumua mshono, uzi kwa uzi, bila haraka, na alipofunua pazia alimkuta binti yake peke yake, anawaka homa, amefumba macho, na alipompitishia mgongoni kitambaa cha maji ili kumpoza, ngozi ilitoka pamoja na kitambaa, laini, nzima, na ile harufu ya kuungua ikajaa chumbani hadi akashindwa kupumua.

Wifi alimleta mganga, mama mnene mwenye miwani, asiye na mbwembwe. Aliweka mkono kwenye paji la uso la binti, akauliza kwa upole ni nani aliyemo.

Midomo iliyovimba ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ya mtu mzima.

"Mimi si mgeni. Nimezaliwa naye. Nilikuwa nimelala. Mama yake ndiye anayeniamsha kila asubuhi, kwa kijiko."

Mganga aliondoa mkono haraka.

"Unamlisha nini, mwanangu?"

"Dawa ya kifafa. Mpya."

"Chukua na pakiti yake. Twende hospitali sasa hivi. Huyu simwezi."

Daktari alipoiona pakiti alivisimamisha vile vidonge papo hapo, akampa dawa nyingine ya kifafa, akamlaza wodi ya walioungua. Wiki tatu fundi aliishi kwenye benchi. Binti alipona, ila macho yake hayavumilii tena mwanga. Daktari alieleza kwamba watu wengine huzaliwa na alama katika vinasaba vyao, na vidonge vile, vinavyowafaa wengi, huufanya mwili wao uigeukie ngozi yake wenyewe. Kipimo cha damu kingeonyesha mapema, lakini hakuna aliyekiagiza.

"Ni mimi niliyemlisha," fundi alisema, akalia.

"Ulimpa ulichoandikiwa, mama. Alama hii hurithiwa kwa mzazi. Majibu ya damu yako yatatoka kesho."

Jioni hiyo, nyumbani, alikaa chini na nguo zote za binti, akashona ndani ya kila ukosi jina la dawa ile na neno MARUFUKU, ili popote atakapoangukia, asije mtu akampa. Binti alikuwa amelala mkekani, miwani nyeusi usoni, anapumua vizuri. Ilibaki blauzi moja.

"Shona na kwenye zako," ilisema sauti kavu kutoka mkekani.

Fundi hakugeuka. Alimaliza blauzi, akakata uzi kwa meno, kisha akalivuta gauni lake mwenyewe na kuanza kushona.