Kilima Kilichokuwa Shimo

Je, umewahi kuitikia "nimeelewa" ilhali kichwani mna giza totoro? Profesa alifanya hivyo kila kipindi cha ramani. Wenzake walimpa jina hilo kwa kuwa huongoza katika mitihani, naye msichana wa watu akaona haya kuuliza.

Siku ya mazoezi, mwalimu aliwagawa wawili wawili, kila jozi na ramani na simu ndogo, wakatafute kilima. Profesa alipangwa na binamu yake. Aliona mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi, imejifunga duara ndani ya duara.

"Kilima hiki hapa," akasema, namba za kimo zilizoandikwa kwenye mistari hakuzitazama.

Njia ikateremka, ikazidi kuteremka. Mara changarawe ikawatelezesha, wakaserereka hadi chini ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Kuta pande zote. Kila walipoparamia, changarawe iliporomoka ikawarudisha palepale. Mvua nayo ikaanza, maji yakapanda vifundoni.

"Kilima gani hiki, Profesa, kinachotutazama kutoka juu?" binamu akauliza.

Simu ikalia. "Mko wapi, wanangu?"

"Kilimani, mwalimu," Profesa akajibu upesi.

"Haya, nawafuata huko huko."

Binamu akamkazia macho. "Dada, atatutafuta juu na sisi tuko chini. Maji yakifika kiunoni utamwambia ni umande?"

Profesa akaikodolea ramani. Kwenye yale maduara namba zilipungua kuelekea katikati: sitini, hamsini, arobaini. Akapiga simu.

"Mwalimu, nimekudanganya. Tuko shimoni."

"Nisomee gridi, zile namba za pembezoni mwa ramani, mwanangu. Mashariki kwanza, kisha kaskazini."

Akazisoma polepole, kidole kikizifuata juu ya karatasi iliyolowa.

Mwalimu alifika na mlinzi wa shule, wakateremsha kamba, wakawavuta mmoja mmoja. Mwalimu akamfunika Profesa kwa koti lake.

"Kilima na shimo vyote huchorwa kwa maduara," akamwambia. "Namba zikiongezeka kuelekea katikati, ni kilima, zikipungua, ni shimo. Lakini kosa lako si hilo. Kutojua si aibu. Anayeficha asichokijua hutumbukia, tena na wenzake."

Profesa akamtazama binamu yake aliyejaa tope, kisha akainua uso.

"Mwalimu, tangu muhula uanze nilitaka kukuambia: kontua sizielewi. Naomba unieleze tena, hata mbele ya darasa zima."