Matofali ya Joko la Zebaki

Kilichotangulia kuharibika ni pete. Eduviges alitoa mkate tanurini, akaona pete yake ya dhahabu imegeuka nyeupe kama bati. Mumewe, Ladislao, akasema ni sabuni tu. Ndivyo alivyo: hajui kitu, na bado anakuwa wa kwanza kujibu.

Tanuri alilijenga mwenyewe, kwa matofali aliyoyang'oa kwenye joko la mgodi wa zebaki uliofungwa zamani huko mlimani. Hapa jangwani kwetu nani asiyejua habari za joko lile? Babu zetu walichoma mawe mekundu mle, wakavuta moshi wake, wakarudi nyumbani wanatetemeka, wakitema mate na meno. Matofali yaliunywa moshi huo miaka thelathini. Tulimwonya. Akatuita waoga wa mifupa. Kisha, bila haya, akamfanya mkewe aoke humo mkate wa Siku ya Wafu, siku ambayo marehemu huandaliwa chakula, akawatengea wafu wa ukoo wake peke yao; wachimbaji waliokufa kwa moshi ule hawakupata hata kipande.

Tangu hapo, kila adhuhuri watu wakiwa wamejilaza kukwepa joto, tanuri lililozimwa likawa linatema mate. Tfu. Kisha kimya. Harufu ya chuma cha moto ikaingia hadi chumbani, na mikono ya Eduviges ikaanza kutetemeka, kwanza kidogo tu kwenye kikombe cha kahawa, halafu mpaka akashindwa kujifunga kitambaa, na usingizini mate yakawa yanamchuruzika huku akiita majina ya wachimbaji ambao hakuna aliyewahi kumtajia, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya mwanamume aliyechoka.

Bibi Tránsito, mganga wetu, alimpitishia yai bichi mwili mzima ili livute ubaya, akalipasua bakulini. Hakukuwa na ute wala kiini. Lilidondoka tone la zebaki, likazunguka zunguka.

"Yarudishe matofali yote jokoni kwa mikono yako," alimnong'oneza Ladislao. "Uwaombe radhi wachimbaji. Ukidanganya, mkeo sitaweza kumponya tena."

"Sawa, bibi. Leo hii hii."

Mlima ni mrefu, na Ladislao ni mvivu. Alilibomoa tanuri, akayamwaga matofali korongoni, juu kidogo ya kisima chetu sote, akarudi akijifuta jasho kama shujaa. Siku tatu Eduviges alipata nafuu, na mumewe akajigamba kwenye kila kibaraza.

Siku ya nne, adhuhuri, Ladislao alikwenda kisimani kuteka maji. Ndoo ikagoma kupanda. Aliivuta kwa nguvu zake zote, na kule chini gizani kitu kikatema. Tfu.

Eduviges alikuwa amesimama nyuma yake, mikono inamtetemeka upya.

"Ladislao, uliyapeleka wapi?"

Akafungua kinywa adanganye. Likatangulia jino.