Barua Aliyoizuia Sumaiya

Kila alipotoka shuleni, Sumaiya alipita kwanza kwenye karakana ya baba yake katika mtaa wa Alexandra. Baba huyo, Fundi Vuai, alikuwa mtu wa Unguja, na kazi yake ilikuwa kutengeneza friji. Sumaiya alimshikia tochi, akampa bisibisi, na kila friji ilipopona aliandika kwenye daftari ilikuwa inaumwa nini.

Jumatatu moja ujumbe uliingia kwenye simu ya mama. Shule ya sekondari ya sayansi ambako Sumaiya aliomba nafasi ilikuwa imejibu. Haikumkataa wala kumkubali. Jina lake liliwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Aliyetaka kufikiriwa tena aliruhusiwa kuandika barua ya kujieleza, isainiwe na mzazi, ifike kabla ya Ijumaa.

"Eish, barua ya kawaida haitakusaidia," rafiki yake Shekinah alimwambia. "Lazima walie wakiisoma. Andika kwamba baba yako amekufa. Nani atakuja kuuliza?"

Sumaiya hakulipenda wazo hilo, lakini shule aliitaka mno. Jioni akaandika kwa Kiingereza kwamba baba yake alifariki, na kwamba yeye huwa wa kwanza darasani kila mara. Alipanga mama asaini, maana aliyekufa hasaini, na mama hakujua Kiingereza. Lakini siku hiyo mama alikwenda kumtazama jirani aliyejifungua, na baba akawahi kurudi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndiyo barua ya shule? Hebu nisomee kwa Kiswahili, Kiingereza kinanipita."

Sumaiya akasoma, akiyaruka yale ya uongo. Baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kunawa mikono kwa sabuni ili asiichafue karatasi. Aliporudi alishika kalamu.

"Nisaini wapi?"

Sumaiya alikiona kidole cha baba kikishuka polepole, kikapita juu ya maneno yaliyosema amekufa. Akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Usisaini, Baba. Nimeandika kwamba umefariki."

Baba aliiweka kalamu mezani.

"Nani amekuambia mimi nikiwa hai sifai kuandikwa?"

"Nilitaka wanihurumie," Sumaiya alisema huku machozi yakimtoka.

"Wangekuhurumia, wakakuchukua. Halafu siku ya wazazi ungenificha wapi? Andika lililo kweli."

"Kweli yangu si nzuri, Baba. Muhula wa kwanza nilipata arobaini na moja katika hisabati."

"Na wa tatu?"

"Sabini na mbili."

"Sasa huoni kwamba hapo pana jambo la kuandika?"

Sumaiya alichukua karatasi mpya. Aliandika ile arobaini na moja, na jinsi alivyokwenda maktaba kila Jumamosi kurudia maswali aliyokosa. Akaandika pia habari za friji ya Mama Jocelyne, muuza samaki. Mafundi wawili walishindwa kujua kwa nini haigandishi, na yeye ndiye aliyegundua kwamba mpira wa mlango ulikuwa umechanika na kuingiza joto. Mwishoni akaeleza kwamba aliyemfundisha kutazama vitu kwa makini ni baba yake. Safari hii alisoma kila neno, na baba akasaini.

Baada ya wiki mbili waliitwa shuleni. Mwalimu mkuu, Bi Jeanne, alikuwa na barua ile mkononi.

"Kwa nini ulitutajia hiyo arobaini na moja?" aliuliza.

"Kwa sababu ndiko nilikoanzia, Mwalimu."

Bi Jeanne alitabasamu, akamwambia kwamba nafasi moja imepatikana na ni yake. Kisha akamgeukia vizuri.

"Nimesoma barua nyingi za watoto wasiokosea kamwe, na sikumwamini hata mmoja. Wewe ulieleza ulipoanguka na ulivyoinuka, nikajua naweza kukufundisha. Ukiomba jambo, mwanangu, omba kwa sura yako mwenyewe, maana ndiyo utakayokuja nayo kila asubuhi."

Fundi Vuai, aliyekuwa amevaa shati lake la Idi, aliinuka kumpa mkono mwalimu mkuu.

"Mimi ndiye baba yake," alisema.