Vumbi la Bodi

Kila alasiri Kishiwa alifagia kibanda cha baba yake mdogo Ngolo, fundi redio wa Magomeni, Kilosa. Tangu biashara iachiwe huru, redio za nje zilifurika madukani, na zilizoharibika zilimfikia Ngolo. Wazazi wa Kishiwa walichunga ng'ombe mbali, kupita kijiji cha Munisagara, naye aliishi kwa Ngolo. Darasani walimcheka kwa lafudhi yake ya Kisukuma. Joha peke yake hakumcheka, na siku asipokuja, Kishiwa alikaa mpaka giza bila kusemeshwa.

Ngolo alimpa kipande cha bodi, ile sahani ngumu yenye utando wa shaba inayobeba vifaa vya redio, atengeneze redio yake ndogo.

"Usiikate mpaka nirudi kutoka Morogoro," alimwambia.

Lakini redio ingemsemesha jioni, naye alishindwa kungoja. Alichukua msumeno wa chuma, akaketi kitandani, akakata. Ukingo ulimegekamegeka, na vumbi jeupe likatanda juu ya shuka za nyumba nzima zilizokwisha kuanuliwa na kuwekwa hapo. Alilipangusa kwa mkono, asimwambie mtu.

Kesho yake Deo, mtoto mdogo wa Ngolo, alijikuna hadi akalia. Mama yake, Imelda, naye akawashwa. Joha alipobisha hodi, Imelda akakumbuka kwamba mtoto huyo alipita pale jana na kuni za porini.

"Umetuletea upupu, wewe. Usikanyage tena hapa."

"Shikamoo, mama. Sikupita penye upupu."

Joha alimtazama Kishiwa. Kishiwa, ambaye mikono yake pia ilimwasha, alitazama chini. Joha akaondoka.

Kishiwa hakupata kuwa mpweke kama jioni ile. Ngolo aliporudi, alimkuta mlangoni.

"Shikamoo, baba. Siyo upupu. Nilikata bodi ndani."

"Marahaba. Ina nyuzi za kioo, mwanangu. Vumbi lake huwasha ngozi na kuumiza mapafu."

Imelda alimwogesha Deo na kuloweka shuka. Kisha akamshika Kishiwa mkono. "Mimi nilimlaumu bila kuuliza, nawe ulijua. Twende tukamwombe radhi."

Joha aliwasikiliza. Siku mbili hakuja. Ya tatu alikuja, akawakuta Ngolo na Kishiwa nje, vitambaa puani. Ngolo alibana rula juu ya bodi, akachanja mstari kwa kisu mara nyingi, pande zote mbili, akaivunja ukingoni mwa meza. Ilikatika imenyooka. Ukingo wake akausugua kwa msasa uliolowa maji, vumbi lisiruke.

Alimkabidhi Kishiwa kile kipande. "Bodi ukiiharibu, nitakupa nyingine," alisema. "Joha sina mwingine wa kukupa. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo."

Kishiwa alipoweka rula juu ya kipande ili akate mwenyewe, Joha akasogea, akashika upande wa pili wa rula.