Mashini ya Etiketi ya Chilinde

Mukandutiye, jirani yangu hapa mu kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, siku hizi anakula nsima na mukono wa kushoto. Yenye ilimufikia kule kazini mi mwenyewe sikuiona, nasema vile aliniambia.

Alikuwa amepata kazi mu mutaa wa Chilinde, kubandika etiketi ku pakiti za usipa, bale basamaki badogo bakavu. Chumba cha kazi hakina dirisha, kinanuka kama matumbo. Siku moja utepe wa wino ukaisha mu mashini ya kuchapa etiketi, akaleta mupya.

Carmen, Murundi mwenye wanafanya naye, akamwambia: “Dada, lowesha kidole na mate, usugue utepe. Upande wenye kuacha weusi njo wa wino. Ukikosea, etiketi inatoka nyeupe, patron anakufukuza.”

Akasugua na kidole cha mukono wa kuume. Utepe ulikuwa vuguvugu, unateleza kama kamasi. Alikuwa angali anaupitisha mu mashini, umeme ukakatika.

Mu giza akasikia mashini inameza mate. Halafu kitu laini, chenye joto, kikalamba kile kidole, polepole, mpaka chini ya kucha.

Umeme uliporudi, etiketi moja ilikuwa imetoka. Haikuwa na maandishi. Ilikuwa na alama nyeusi ya ulimi, mudogo kama wa mutoto wa kunyonya, na mate ilikuwa ingali inadondoka, inanuka maziwa.