Mkono Usioonekana Pichani

Walikutana kwenye foleni ya lifti hospitalini, watu wamebanana, na neno la kwanza ambalo jamaa mmoja wa kompyuta alimwambia binti anayewafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo lilikuwa la kipuuzi.

"Samahani, dada. Nikikupiga picha moja tu, kompyuta yangu itachora mwili wako mzima, hata mkono uliouficha."

"Si uniulize tu uko wapi?"

Loo! Shati la samawati, suruali imepigwa pasi, miwani ya bei, na akili ndiyo hiyo. Lakini jamaa alicheka kwa dhati, na kicheko hicho ndicho kilichomponza binti. Miezi minane wakaitana "mpenzi" na "Profesa wangu". Jumapili ile Profesa alikuwa aende kumposa kwa kaka mkubwa wa binti, ambaye hakuwahi kuonana naye.

Alhamisi ya kabla yake simu ikaita.

"Nimekuona barabarani na mwanamume. Nimewapiga picha kutoka ng'ambo."

"Ehe?"

"Mkono wako mmoja ulikuwa nyuma yake. Nikaiuliza mashine. Imekisia mara kumi. Mara tisa umemkumbatia kiunoni!"

"Na ya kumi?"

"Umemshika mkanda. Hiyo nimeitupa, haina maana."

Mashine imefunzwa kwa picha za watu, na wengi wanaosimama hivyo hukumbatiana, hilo binti alilielewa. Asichokielewa ni mtu mzima, mwenye miguu yote miwili, kushindwa kuvuka barabara.

"Yule ni kaka yangu, bwege wewe! Kapasuliwa nyonga, namfundisha kutembea. Mgonjwa hushikwa mkanda asianguke. Jumapili usije."

Akakata simu, akalia kwa hasira, maana alimpenda bado, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Jumapili jamaa akaja vilevile. Alisimama mlangoni, shati limekunjamana, mkono mmoja mgongoni.

"Nimekukosea, mpenzi. Nisamehe. Kisia nimeshika nini."

"Mimi sikisii."

Binti akamzunguka taratibu, akatazama. Ilikuwa pete.

"Umeona? Hatua tatu tu, Profesa. Nimejua kila kitu." Akamfungulia mlango wote. "Haya, ingia. Kaka anataka kutembea mpaka getini. Mshike mkanda. Ukimwangusha, hiyo pete utaivaa mwenyewe."