Nani Kabeba Mlango wa Fanesi?

Mwili ulikutwa saa nne asubuhi, chini besimenti, kifua wazi, umepoa kabisa.

Aliyeukuta ni Zadock, fundi Mkenya ambaye kila Oktoba anazunguka Maplewood nzima kuziamsha fanesi, zile mashine za kupasha nyumba joto, kabla baridi haijaanza kung'ata. Alishuka ngazi anapiga mluzi. Mluzi ukakatika. Fanesi ya kina Hamida ilikuwa imesimama pale ukutani, utumbo wote nje, nyaya na mabomba vinamtazama. Mlango wake wa mbele, lile bati pana la kijivu, haupo.

Sasa, mwizi alikosea nyumba. Maana chumba cha juu alikuwa anakaa Inspekta Elinaja, mpelelezi kutoka Moshi, aliyeletwa huku ng'ambo, Saint Paul, kwa kozi ya miezi mitatu ya alama za vidole. Wiki saba amesoma tu, hajagusa kesi hata moja. Aliposikia neno wizi, aliacha chai mezani na mkate umeumwa nusu.

"Mtu asiguse kitu," alisema akiwa bado kwenye ngazi. "Hili ni eneo la tukio."

Hamida alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho, kajifunga blanketi juu ya mimba ya miezi saba. Hakuwa na hamu ya kucheka. Alimweleza Inspekta kila kitu kwa pumzi moja: mama yake anatua saa tisa alasiri kutoka Tanga. Mwaka jana mama alikuja kukaa miezi sita, fanesi ikafa, akakaa siku tisa tu akarudi. Safari hii ameahidi kubaki mpaka mtoto azaliwe, na kwenye simu ametoa sharti moja. Akikuta nyumba baridi, anageuza.

"Mtoto wa kwanza, kaka Elinaja," Hamida alisema. "Nani atamkanda? Nani atanikanda mimi? Huyo Kitwana?"

Kitwana ndiye mumewe. Inspekta aliandika jina kwenye daftari.

Alimgeukia fundi. Haiwezekani kuiwasha hivyo hivyo, bila mlango?

Zadock alitikisa kichwa. Alionyesha kitufe kidogo pembeni: mlango ukikaa, unakibonyeza, ndipo mashine inakubali kuwaka.

"Wengine hubandika tape kwa hii switch ikae imebonyea," alisema. "Mimi siwezi, Afande. Hewa ya moshi itarudi ndani mkilala, na asubuhi hamtaamka. Na saa sita nina kazi Coon Rapids. Mkipata mlango kabla ya hapo, sawa. Mkikosa, mpaka Jumatano."

Jumatano. Ukutani kipimo kilisoma nyuzi hamsini na mbili za Fahrenheit, kama kumi na moja za kwetu. Ndani ya nyumba pumzi zilikuwa zinaonekana kidogo, na usiku redio ilikuwa imetangaza theluji.

Inspekta alianza kazi. Poda ya maabara hakuwa nayo, akachukua unga wa kakao na brashi ya poda ya Hamida. Akapaka ukingo wa fanesi taratibu, ulimi nje, kama alivyofundishwa. Alama ikatokea, safi, dole gumba zima. Akaikagua kwa kioo cha kukuzia, akatabasamu, akaikagua tena. Tabasamu likafa. Ilikuwa dole gumba lake mwenyewe, aliposhika pale akiwakataza wengine wasishike.

Zadock alikohoa akaangalia dari.

Haidhuru. Inspekta alisimama katikati ya chumba akageuka polepole. Dirisha halijavunjwa. Mlango wa nje una kufuli. Mwizi katoka ndani. Kwenye rafu, jirani na fanesi, vumbi lilikuwa limetanda kila mahali isipokuwa sehemu moja ya duara, pana kama gurudumu la baiskeli ya mtoto, inang'aa.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Sufuria kubwa," Hamida alijibu. "Ile niliyokuja nayo kutoka nyumbani. Haitumiki, mfuniko ulipotelea kwenye ndege."

Inspekta aliandika, akapigia mstari mara mbili. Mwizi alichukua vitu viwili: sufuria isiyo na mfuniko, na bati pana.

"Nani alishuka huku leo?"

"Kitwana. Saa moja na nusu, kubadilisha filta. Nilimwambia fanesi haiamshwi na filta chafu. Kisha akaenda kwa Nkirote hapo jirani, kumsaidia kufagia majani."

Inspekta alipanda ngazi mbili, akainama nyuma ya ndoo, akatoka na kitu mkononi. Alikificha nyuma ya mgongo. Wakati huohuo mlango wa jikoni juu ukalia, na mtu akaanza kufungua droo kwa kunyatia. Inspekta aliita kwa sauti ya kituoni. Kitwana akashuka, ameshika koleo la kugeuzia nyama.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Nkirote, kaka. Nafagia majani."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Filta ulibadilisha?"

"Nilibadilisha. Muulize mke wangu."

Inspekta akaleta mkono mbele. Filta mpya, bado iko ndani ya nailoni yake, haijafunguliwa. Kitwana aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya zamani.

"Kutoka dirishani kwangu naona uwanja wa Nkirote," Inspekta aliendelea. "Majani yanafika magotini. Unafagia kwa kitu gani, kwa macho?"

Inspekta akamsogelea.

"Na majani hayo yanaunguza nyusi?"

Kitwana alijishika usoni. Unyusi wa kushoto ulikuwa umebaki nusu. Hamida alisimama, blanketi likaanguka, na mume akajua kwamba kati ya wale wawili, Inspekta ndiye wa kuogopwa kidogo.

"Twendeni," alisema. "Ila twende haraka. Bado dakika kumi."

Nyuma ya nyumba ya Nkirote, juu ya rimu kuukuu ya gari, ile sufuria ilikuwa imekaa, makaa chini yanawaka. Juu yake, badala ya mfuniko, umelala mlango wa fanesi uliovalishwa foili ya jikoni kwa chini, na juu yake makaa mengine, mekundu. Nkirote mwenyewe, nesi wa Kimeru aliyetoka zamu, bado kavaa sare za hospitali chini ya koti, alikuwa anayasawazisha makaa kwa reki ya majani. Kwa hiyo reki ilikuwa kazini kweli.

Harufu ikawapiga. Karafuu, bizari, vitunguu vilivyoiva hadi vikawa vyekundu.

"Afande, mi niliambiwa ni bati ya zamani," Nkirote alijitetea. "Sina lawyer, lakini sahani ninazo."

"Kitwana," Hamida alisema polepole, "umeubeba mlango wa fanesi ukapike nao?"

"Nilidhani ni pambo tu, mke wangu. Mfuniko wa kuficha nyaya. Ningeurudisha kabla fundi hajafika, ila makaa ya huku yanachelewa kushika."

Inspekta alifunga daftari. Swali la nani lilikuwa limejibiwa, sasa alitaka la kwa nini. Mtu ana jiko zima ndani, lenye oveni, anaacha yote anakuja kujiunguza nyusi kwenye baridi. Alimuuliza hivyo hivyo.

Kitwana aliweka koleo chini.

"Mwaka jana mimi ndiye niliyempeleka mama mkwe uwanja wa ndege," alisema. "Njia nzima kanyamaza. Tulipofika, akanishika mkono. Akasema, mwanangu, baridi ningeivumilia. Ila siku tisa nakula wali wa oveni, mlaini kama uji, haujapaliwa makaa. Usimwambie Hamida, atajisikia vibaya. Nimekaa nayo mwaka mzima. Kila mtu analaumu fanesi. Mimi najua ni wali."

Hamida alimtazama mumewe na nusu unyusi wake. Alianza kutikisika mabega. Inspekta alidhani analia, akatafuta leso, kumbe mwanamke anacheka mpaka anashika tumbo, na Nkirote akamletea kiti.

Lakini saa ilikuwa sita kasoro dakika kumi. Bati likiondolewa sasa, wali hauivi juu. Likiachwa, fundi anaondoka na joto lake mpaka Jumatano. Wote wakamgeukia Zadock. Zadock aliitazama saa yake. Akanusa. Akaingia kwa Nkirote kuomba simu, wakamsikia akimweleza mteja wa Coon Rapids kwamba kumetokea kesi ya polisi na yeye ni shahidi.

Dakika kumi zile alizitumia vizuri. Akaweka filta mpya, akafyonza vumbi, akatia mafuta kwenye feni, akawasha kile kimoto kidogo cha ndani. Kielelezo namba moja kilipopoa, akakinyoosha kona kwa nyundo na kukipachika. Kitufe kikabonyea. Fanesi ikakohoa, ikaguruma, na Hamida akasimama juu ya tundu la sakafuni, hewa ya moto inapanda kwenye dera lake.

Saa kumi na moja mama aliingia na makoti mawili. Akavua moja mlangoni. Akavua la pili mezani. Akafunua sinia, akachukua wali kwa vidole vitatu, punje zimeachana, za juu zimekauka vizuri. Akatafuna.

"Huu kaupalia nani?"

Kitwana akainua mkono, kama mtuhumiwa.

Mama aliomba aonyeshwe mfuniko. Wakamshusha besimenti, mtu mzima, hatua kwa hatua. Mbele ya fanesi, kwenye bati la kijivu, duara jeusi la makaa lilikuwa limeungua wazi kabisa. Mama aliupapasa mlango ule wenye joto kwa kiganja, taratibu, kama anavyopapasa tumbo la binti yake.

"Basi nitafutieni mfuniko wa sufuria," alisema. "Huu hautoki tena hapa. Mimi nipo mpaka mtoto aote meno."